Vumbi Kwenye Kisahani

Mama fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma, titi la kushoto limebanwa kati ya vibao viwili vya mashine, jasho linamtiririka shingoni. Daktari alichomoa sindano nene kwa mara ya mwisho, akakung'utia kwenye kisahani vinyama vyembamba kama nyuzi.

"Kavipige picha, haraka," alimwambia binti wa eksirei, ambaye wenzake walimwita Dada Giza kwa jinsi alivyoshinda kwenye chumba kisicho na dirisha.

Picha ya kwanza ya titi ilikuwa imeonyesha chembe nyeupe za chokaa, zimekusanyana mahali pamoja kama chumvi iliyomwagika. Mkusanyiko wa namna ile huweza kuwa saratani. Kama sindano ilifika penyewe, chembe zingeonekana ndani ya vinyama. Kama hazimo, sindano imepita kando, na mgonjwa hana budi kuchomwa tena.

Hazikuwamo. Dada Giza alikuza picha, akaigeuza, akapunguza mwanga. Kijivu kitupu.

"Daktari, sizioni."

Daktari alitupa jicho mlangoni. Kwenye korido mke wa mkubwa mmoja wa serikali alikuwa amesimama na mkoba wake, hataki kuketi benchi moja na wagonjwa waliobanana pale, na mganga mkuu wa hospitali alishapiga simu kuuliza chumba kitakuwa wazi lini.

"Huzioni, au umechoka?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mashine ni hii hii moja. Nitoke nikamwambie yule asubiri kwa ajili yako? Na mkataba wako si unakaribia kwisha?"

Dada Giza aliinamia kioo. Pembeni palikuwa na kidoa cheupe. Alijua ni vumbi.

"Labda... hiki hapa."

"Si unaona? Zimo. Andika."

Akaandika.

Majibu ya maabara yalirudi mazuri: hakuna saratani. Mama fundi alimfuata Dada Giza mpaka mlangoni, akamkumbatia kwa nguvu. "Una mkono mwepesi, mwanangu. Mungu akulipe." Dada Giza akachekacheka tu. Alitaka kusema, mama, rudi wakupime tena. Badala yake akamuaga. Wiki ile ile mkataba wake ulikuwa umeongezwa.

Jioni hiyo, akimwogesha mama yake mzazi aliyepooza, mkono ulipopita kifuani sabuni ilimponyoka.

"Una nini, we mtoto?"

"Sina kitu, mama. Kazi tu."

Alijiambia kesho atamtafuta. Kesho ilifika, ikapita, ikazaa kesho nyingine. Akawa akiona mwanamke amebeba kitambaa njiani, anavuka upande wa pili.

Mwaka ukapinduka. Mama fundi aliporudi alikuwa amekonda mashavu, mkono wa kushoto umevimba, na kwapani ana kitu kigumu kama kokwa. Mkasi ulikuwa umemshinda. Wateja walishahamia kwingine.

Daktari alibonyeza kwapa, uso ukamkunjamana.

"Ndiyo kwanza unakuja? Nyie mama zetu mnakaa nyumbani mpaka mnaoza, halafu lawama mnatuletea sisi!"

Mama fundi aliinamisha kichwa. "Kweli, daktari. Niliambiwa ni salama, nikajisahau. Kosa langu. Nisamehe."

Dada Giza alifungua kinywa. Daktari alimgeukia, akamkazia macho. 

Dada Giza akasogea kumsaidia mgonjwa kuvua blauzi, maana mkono ulikataa kuinuka. Machozi yalimtoka, vifungo vikamponyoka vidoleni. Mama fundi akavishika vile vidole kwa mkono wake mzima.

"Usilie, mwanangu. Wewe hukunifanyia ubaya wowote."

Nyuma yao bomba lilifunguliwa, maji yakamwagika kwa kelele. Daktari alikuwa ananawa mikono.