Malkia Aliyekataa Kushuka

Jumapili ile tiketi zote zilikwisha. Baada ya miaka sita ya kucheza filamu tu, Honorine Delbecque alikuwa anarudi jukwaani Paris, kuigiza malkia aliyemtamani tangu usichana. Binti wa mfuma sufu wa Roubaix, mji wa viwanda, aliyeambiwa na mwalimu wa uigizaji kwamba sauti yake inanuka kiwanda! Nani leo analijua jina la mwalimu huyo? Honorine alilijua. Hakuwa mtu wa kusahau.

Mvishaji wake, Berthe, alikuwa akimfunga vifungo vya mgongoni.

"Berthe, una nini leo? Unanifinya!"

"Mzee Gustave kafukuzwa, Madamu. Asubuhi hii."

"Gustave wetu?"

"Huyo huyo. Kosa lake kukusanya saini tuwekewe makaa, tupate joto huku nyuma. Yuko kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, hata aproni hajavua."

Miaka thelathini na mitatu Gustave alikuwa akiligonga jukwaa kwa gongo lake: mapigo ya mbiombio, kisha matatu ya taratibu, ndipo pazia lipande. Alimgongea siku ile ya kwanza, Honorine akiigiza kijakazi mwenye maneno manne tu.

Mara gongo likalia huko chini. Mapigo matatu tu, chapuchapu.

"Mama yangu! Nani huyo?"

"Bosi mwenyewe," Berthe alisonya. "Hata kugonga hajui."

Honorine alivuta kiti akaketi, taji kichwani.

Mkurugenzi Taillefer alipanda ngazi akihema.

"Honorine, mpenzi, pazia limepanda! Jukwaa tupu!"

"Sijasikia mapigo."

"Nimegonga mwenyewe!"

"Wewe umebisha hodi. Mrudishe Gustave, na makaa yaje."

"Unajua filamu yako ijayo iko mkononi mwa nani? Shemeji yangu! Neno langu moja tu..."

"Liseme basi. Simu ile pale."

"Utarudi Roubaix kushona magunia!"

"Roubaix hatushoni magunia, bwana, tunafuma sufu. Mama yangu na wenzake waligoma, wakazima mashine siku kumi na mbili mwaka thelathini na sita, na mabosi walikuwa wakali kuliko wewe. Mimi nishindwe na pazia moja?"

Filamu ile ilikuwa mkate wake wa mwaka mzima, na malkia huyu hangempata tena. Huko chini watazamaji walianza kupiga miguu sakafuni. Ndipo milango ya vyumba vingine ikafunguka. Mfalme wa mchezo, wajakazi, askari wawili wenye ndevu za gundi, wote wakaja kuketi kwenye ngazi.

Taillefer aliwatazama.

"Mwiteni."

"Na makaa?"

"Na makaa, jamani! Na makaa!"

Gustave aliingia akinung'unika kwamba wamemwachisha kahawa yake. Pazia likashushwa, akagonga anavyogonga, likapanda tena. Honorine alitoka shingo juu, na ukumbi, uliokuwa ukizomea, ukanyamaza.

Filamu alipewa mwingine, binti wa miaka ishirini na moja. Honorine alisoma habari hiyo gazetini wiki ya tatu ya mchezo, chumbani mwake, akivishwa.

"Madamu, hili joto! Nifungue dirisha?"

"Thubutu! Funga vifungo, Berthe. Leo wamejaa hadi milangoni."