Jiwe la Lettie

Reva alikuwa anakufa, na alilijua hilo kuliko hata daktari wake. Hakutaka tena dawa wala uji. Alitaka kitu kimoja tu, na alikuwa amekisema mara nyingi mpaka mumewe, Doyle Ledford, akawa anaitikia kabla hajamaliza.

"Nisikilize, Doyle. Usiitikie kama kasuku."

"Nakusikiliza, mama."

"Unizike kwa Lettie. Ubavuni pake hasa, siyo kule mbele kwa wazee wako wenye mawe ya kuchongwa. Nimemwacha pale peke yake miaka hamsini. Inatosha."

"Nitakuzika kwa Lettie."

"Basi panda kilimani ukalitazame jiwe lake. Mei mbili hizi hatukwenda kwa sababu ya kifua changu hiki. Kaone, kisha urudi uniambie."

Lettie alikuwa mtoto wao wa kwanza na wa mwisho. Homa ilimchukua hata kunyonya hajazoea, wakamzika na kijiko cha fedha cha bibi yake, kijiko ambacho hakuwahi kulishwa nacho. Jiwe lake Reva alilitoa mwenyewe mtoni, akalipandisha kilimani ndani ya aproni yake, akakataa kusaidiwa. Lilikuwa la kijivu, laini, lenye mshipa mweupe katikati. Halikuandikwa kitu. Katika bonde lile la Tennessee, wenye nazo walichonga majina, na wasio nazo waliokota jiwe shambani wakalisimamisha, na hakuna aliyepotea kwa hilo. Kila Mei, siku ya kupamba makaburi, ukoo mzima ulipanda na maua na vyungu vya maharage, na mabibi wakawaonyesha wajukuu kwa kidole: huyu ni fulani, na huyu ni fulani, usimkanyage.

Siku hizi wajukuu wenyewe wako wapi? Na kilima chenyewe kilishauzwa. Kakake Doyle alikiuza akaenda zake Florida kuota jua. Mkataba uliyaacha makaburi nje ya mauzo, ukasema ukoo una haki ya kuingia na kuzika milele. Vizuri sana, ila mkataba haufungui geti.

Doyle akawasha pikapu yake akaenda. Njia ile aliijua tangu hajaota ndevu, na bado siku hiyo nusura apitilize kona. Palipokuwa na shamba la tumbaku la rafiki yake Arvil Messer pamejaa nyumba nyeupe zenye milango myeusi, zote sura moja kama mayai ya kuku mmoja. Duka la mbegu linauza kahawa yenye povu. Watu wametoka California, wametoka Illinois, wametoka New York. Wamekimbia kodi, wamekimbia mioto ya misitu, wamekimbia foleni za magari, na foleni wamekuja nayo. Msiniambie habari za maendeleo! Kijana aliyezaliwa bonde lile leo hawezi kununua hata banda la kuku pale. Lakini tusiwalaumu wageni tu. Ardhi haikujiuza yenyewe, wenyeji ndio waliotia saini, na kikulacho ki nguoni mwako.

Getini palikuwa na nguzo yenye vitufe vya namba. Doyle akabonyeza kimoja, nguzo ikaongea.

"Nani mwenzangu?"

"Doyle Ledford. Nimekuja kuwaona watu wangu."

"Watu gani, mzee?"

"Waliokufa."

Geti likafunguka. Aliyekuja kumlaki aliitwa Brent Castellano, mwanamume wa makamo kutoka California, ndevu zimechongwa vizuri, buti hazijawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuja kuuma zaidi. Alimshika Doyle mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee! Haki ya Mungu nilikuwa nangoja mtu wa ukoo aje. Utafurahi mwenyewe. Palikuwa pori hapa, nyoka tupu. Nimepasafisha!"

Kweli alikuwa amepasafisha. Uzio mweupe ulizunguka makaburi, rangi yake bado mbichi. Mawe manne ya kuchongwa yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa kama meno ya bandia. Nyuma yake, mpaka kwenye mwerezi mkubwa, palikuwa na nyasi tu, zimekatwa sawasawa, uwanja wa mpira kabisa. Doyle alitazama, akatazama tena.

"Mawe yako wapi?"

"Si haya hapa?"

"Mengine. Yale yaliyokuwa huku nyuma."

"Aa, yale mawe mawe? Yale yalinivunjia mashine ya nyasi mara mbili, mzee. Nikayang'oa yote. Usijali, hayakupotea. Njoo nikuonyeshe."

Akamwongoza nyuma ya nyumba kwa furaha, kama mtu anayekwenda kuonyesha mtoto aliyezaliwa jana. Pale palikuwa na meko ya kuotea moto, ya mviringo, imezungukwa na viti vya mbao. Mawe ya ukoo wa Ledford yalikuwa yamepangwa duara, meusi kwa masizi, na baina yao peremende za watoto zilizoyeyuka.

"Wageni wetu wote wanaisifu," Brent akasema. "Jiwe moja tu lilitufanyia vituko. Usiku wa kwanza likapasuka, paa! kama bunduki. Watoto walilia. Sijui lilikuwa na nini ndani."

Doyle alijua lilikuwa na nini. Jiwe la mtoni limekunywa maji miaka na miaka, ukilitia motoni linalipuka, na bonde zima hakuna asiyelijua hilo. Na pale kilimani jiwe la mtoni lilikuwa moja tu.

"La kijivu?" akauliza. "Lina mshipa mweupe?"

"Hilohilo! Umejuaje?"

Doyle akakaa kwenye kiti kimojawapo. Hakuna aliyemkaribisha, ila kama asingekaa angeanguka.

"Lile lilikuwa la binti yangu."

Brent akacheka kidogo, cheko la mtu asiyeelewa. Kisha akaelewa.

"Lakini… lakini halikuwa na jina, mzee."

"Jina tulikuwa nalo sisi."

"Mungu wangu. Nilidhani ni mawe tu. Naapa sikujua."

"Ulilitoa wapi? Nionyeshe mahali."

Brent akaenda mbio mpaka kwenye zile nyasi, akasimama, akageuka huku, akageuka kule. Alikuwa amepita na toroli siku nzima akiokota na kutupia. Akanyoosha kidole mahali, akakirudisha, akakinyoosha kwingine. Doyle alimtazama, akatamani kumpiga, na akajua kwamba hata akimpiga mpaka jua lizame, mtu huyu hana anachokijua cha kumwambia.

Nyumbani Reva alikuwa macho.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Limekaa sawa?"

"Limekaa sawa."

"Lina ukoga?"

"Kidogo tu. Upande wa mwerezi."

"Usiupanguse," Reva akasema. "Unamfunika." Akafumba macho, uso umetulia kama wa msichana, na Doyle akatoka nje, akaingia bandani, akafunga mlango akalia kwa sauti. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumdanganya mwanamke yule, akaja kumdanganya mlangoni pa kaburi.

Reva alifariki kabla wiki haijaisha, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Doyle.

Kwa watu wale kaburi huchimbwa na majirani, kwa mkono, asubuhi ya siku ya maziko, kwa kuwa kaburi wazi halilazwi usiku. Zamani wangekuja wanaume wengi mpaka mabeleshi yagongane. Safari hii alikuja mmoja, Arvil Messer, mzee kama Doyle, ameshika sururu mkono mmoja na nyaya mbili za henga za kutundikia nguo mkono wa pili.

"Watu wako wapi?" Doyle akauliza.

"Watu ndio mimi. Wengine wameuza, wengine wamekufa, na waliobaki wanauguza migongo. Hata haya magoti yangu yalishatangulia kaburini, yananingoja huko."

"Mzee hovyo wewe."

"Hovyo lakini nimekuja. Sogea nitafute."

Arvil akazikunja zile nyaya, akazishika mbele yake kama hatamu za farasi, akaanza kutembea polepole juu ya nyasi. Hivyo ndivyo wazee wa pale walivyotafuta makaburi yaliyopotea: nyaya zikipishana, chini pana mtu. Zikapishana. Akaenda mbele, zikapishana tena. Akapiga duara, zikapishana kila alipogeuka, mpaka akazishusha.

"Doyle, hapa pamejaa. Kila mahali pana mtu. Ila nani ni nani, nyaya hazisemi."

Ikabaki kumbukumbu. Doyle akasimama mbele ya mwerezi. Siku ile ya Lettie mti huo ulikuwa mwembamba kama mkono wake, na Reva aliuegemea. Sasa watu wawili hawatoshi kuukumbatia. Akatafuta pale palipokuwa pembeni mwa kivuli, kivuli ambacho hakipo tena, akahesabu kwa moyo, akachagua. Lettie atakuwa hapa. Basi Reva hapa, kando. Akachoma beleshi ardhini huku akiomba asiwe amekosea.

Brent alikuwa amesimama nje ya uzio tangu asubuhi, asithubutu kuingia. Hatimaye akasogea.

"Mzee Doyle, nina katapila dogo pale bandani. Dakika chache tu litamaliza."

"Thubutu ulete chuma hicho hapa!" Arvil akamkemea.

"Basi niambieni nifanye nini."

Doyle akamtupia beleshi lake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu alikuwa amechelewa sana kupewa lake.

Brent akachimba. Alichimba vibaya, akijikwaa, lakini hakupumzika, na malengelenge yalipompasuka hakusema. Wazee wawili walikaa ukingoni wakipokezana sururu. Walikuwa wamefika usawa wa kiuno udongo ulipobadilika, ukawa mweusi na laini, na vipande vya mbao vilivyolowa kama mkate. Brent akainama, akaokota kitu, akakifuta kwenye suruali.

"Mzee, hiki nini?"

Kilikuwa kijiko kidogo, cheusi kwa umri. Arvil akavua kofia. Doyle alikuwa amekosea urefu wa mkono mmoja tu, na kwa urefu huo mmoja walikuwa wamemchimba mwanawe.

"Tufukie," Arvil akasema kwa sauti ya chini. "Tufukie, tuchimbe pengine."

"Mtoke nje," Doyle akasema. "Nyote wawili."

Akashuka mwenyewe kaburini, na umri wake ule. Akapiga magoti, akauzoa ule udongo mweusi kwa viganja, wote, asiache hata punje, akautia ndani ya kofia yake. Mifupa haikuwepo, ilishakwisha zamani. Wakamvuta juu ameikumbatia ile kofia kifuani.

Mchana jeneza lilipofika na mchungaji na waumini wachache wa kanisa, Doyle alitaka lifunguliwe. Mchungaji akasitasita, Arvil akamtolea macho, likafunguliwa. Doyle akaufunga ule udongo ndani ya leso nyeupe, akauweka katika kwapa la kushoto la Reva, pale mama anapomlaza mtoto, na kijiko akakiweka mkononi mwake. "Nilikudanganya kuhusu jiwe, mama," akamwambia mbele ya watu wote. "Lakini nimekuletea Lettie mwenyewe." Likafungwa, likashushwa.

Walipokwisha kuondoka wale wa kanisani, wakabaki watatu wakifukia. Arvil alitua, akaegemea beleshi, akihema.

"Na wewe siku yako ikifika, Doyle? Mimi usinitegemee. Nani atakuchimbia?"

Doyle akamwelekea Brent, mikono imejaa damu na udongo, shati limelowa. Siku nzima chuki yake ilikuwa imepungua kidogo kidogo bila yeye kutaka.

"Huyu. Keshapajua." Kisha akamwambia Brent mwenyewe, bila ukali: "Umepaona walipo? Upashike vizuri. Mimi nitakuwa kulia kwa Reva. Sisi tukiisha, bonde zima ni wewe tu utakayejua."

Brent alikuwa anatazama ule uzio wake, ile rangi mbichi, na Doyle naye akautazama, na mara akaelewa kwa nini mtu atapaka rangi uzio wa makaburi yasiyo yake.

"Mzee," Brent akasema, "sikutaka kukwambia leo. Nyumba tumeshampa dalali. Mke wangu hakuzoea hapa, na watu wamekuwa wengi mno, sivyo ilivyokuwa tulipokuja. Tunahamia Montana kabla ya theluji. Lakini nitamwambia atakayenunua. Nitamwonyesha kila kitu, naahidi."

Doyle akanyoosha mkono, akalichukua beleshi lake kutoka mkononi mwa Brent, akaendelea kumfukia mkewe.