Chumvi kwenye Kopo la Mepo

Mbegu za mepo hazitaki haraka, na Paskazia hakuwa mtu wa haraka, kwa hiyo mwanzoni alidhani wataelewana.

Alikuwa mjane wa mwaka wa pili, mama wa binti mmoja, Emiliana, aliyeolewa mbali. Nyumba yake ya Nzuguni, Dodoma, ilijulikana kwa rozari ya alfajiri, ambayo majirani waliisikia kabla ya jogoo, na kwa miti midogo iliyopangwa uani. Miti hiyo aliiacha mumewe, marehemu Bartolomayo, aliyekuwa mtunza bustani wa parokia. Kulikuwa na mkwaju ndani ya sahani ya udongo, umri wake unamzidi binti yao na kimo chake hakifiki magotini. Kulikuwa na mgunga uliofungwa waya mpaka ukainama kama bibi anayetafuta sindano. Wageni wenye elimu waliiita bonsai. Bartolomayo aliiita watoto wangu wasiokua, kisha akacheka peke yake.

Mti mmoja tu ulimshinda kuupata: mepo, mti wa nchi za baridi, ule ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada. Aliuona kwenye kalenda, umewiva mwekundu majani yote, ukamkaa moyoni. Padre Gerson, kijana wa parokia hiyo hiyo, alipokwenda masomoni Kanada, mzee alimshika mkono akamwambia, "Usiniletee koti, baba. Niokotee mbegu." Padre hakusahau. Alirudi likizo ya Krismasi na bahasha ya mbegu zenye mabawa kama kumbikumbi, akakuta aliyeziomba yuko kaburini. Akampa mjane.

"Mama, hizi zinataka baridi kwanza," alimwelekeza. "Zisipolala kwenye baridi miezi kama mitatu haziamki. Zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka ndani ya friji. Si kule juu kunakogandisha. Chini. Zikianza kutoa mkia, panda."

Paskazia alizipokea kwa mikono miwili. Moyoni akamwambia mumewe: hata mmoja, Bartolomayo, nitakuoteshea hata mmoja. Padre akarudi masomoni, na hakuna aliyejua lini angeonekana tena na bahasha nyingine.

Sasa, friji lenyewe hakuwa nalo.

Mwenye friji alikuwa Mwanaidi, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mrangi wa Kondoa, muuza barafu na juisi ya ubuyu, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usiojua likizo.

"Shikamoo mama. Umeniletea nini, nyama?"

"Marahaba. Mbegu."

"Mbegu ndani ya friji! Mama, kwetu mbegu tunazianika juani, tunazipaka majivu. Hizi zako zina homa?"

"Zimetoka ng'ambo. Zinataka baridi."

"Kumbe hata mbegu za huko zinadeka! Haya lete, zilale na matembele yangu. Zikiota humo ndani nitazidai kodi."

Hapo ndipo mahangaiko yalipoanza. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Kila ulipokatika Paskazia alivuka kwa jirani na kitambaa alichokilowesha maji ya mtungi, akauviringishia mfuko wa mbegu kama anamkanda mgonjwa. Siku moja alikwenda akaukuta mfuko haupo chini. Mwanaidi alikuwa amenunua samaki, nafasi ikawa ndogo, akaupandisha juu kunakogandisha. Ulikuwa mgumu kama jiwe.

"Si ulisema zinapenda baridi?" Mwanaidi alishangaa kwa dhati kabisa. "Nikajua nazipendelea!"

Nyingi zilipoyeyuka zilikuwa uji. Paskazia alichambua zilizobaki moja moja, akazirudisha kwenye kitambaa. Utamlaumuje mtu aliyekupa friji lake bure?

Lakini friji la muuza barafu halina siri. Wateja walipoinama kuchukua juisi waliona kile kifurushi cheupe, kibichi, kimefungwa mafundo, wakauliza. Mwanaidi, badala ya kusema mbegu, alisema, "Hiyo ya mama Paskazia, usiguse, utaota mkia!" Watu wakacheka. Utani huo ulitoka na wateja, ukafika sokoni Majengo, ukazunguka huko kwenye magunia ya mtama na karanga, na uliporudi Nzuguni haukuwa utani tena.

Mvua zilipokuwa zinaaga, mbegu nne zilitoa mikia. Nne! Paskazia alipiga magoti palepale jikoni kwa Mwanaidi, na Mwanaidi akasema alhamdulilahi kwa niaba yake. Alizipanda kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini, mchanga wa mtoni na udongo laini, kama alivyomwona mzee akifanya. Mche wa kwanza ulioza shina ukalala. Wa pili ulidonolewa na kuku wa Mwanaidi, na maneno aliyomwambia yule kuku ilibidi ayataje kwenye kitubio. Wa tatu uliondoka na upepo ule mkavu wa Dodoma, uliounyonya mpaka ukawa kama njiti ya kiberiti.

Ukabaki mmoja. Ulikuwa na majani manne, kila moja dogo kuliko ukucha, lakini lina vidole vyake vyote, kama lile la kwenye bendera. Paskazia aliuwekea kivuli cha kiroba. Aliunywesha maji ya mvua tu, yaliyobaki kwenye pipa, kwa sababu maji ya kisima cha mtaa wao yalikuwa na chumvi, na Bartolomayo alikuwa amemwonya miaka mingi: mti mdogo ukinywa chumvi huanza kuungua pembeni mwa jani, halafu huna lako. Pipa lilikuwa limeshuka chini ya nusu, na mvua nyingine mpaka mwisho wa mwaka. Yeye mwenyewe aliogea maji ya kisima, akapikia maji ya kisima. Mepo ulikunywa mbingu.

Kisha ikafika zamu ya nyumba yake kupokea jumuiya ya sala.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa wifi yake, Angelina, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo na mkoba mweusi usiotoka begani. Alihamia Mkonze kwa mwanawe, lakini uenyekiti alikataa kuuachia. Kila Jumamosi alivuka mji mzima. Siku hiyo alifika kabla ya wote.

"Tumsifu Yesu Kristo, wifi."

"Milele na milele, amina. Mbona mapema?"

"Nimekuja kukusaidia kutandika. Wewe shughulika na chai."

Paskazia alishughulika na chai. Watu wakaja, wakasali, wakala maandazi, wakaondoka. Ilikuwa siku njema.

Jumatatu majani ya mepo yalikuwa na mstari wa kahawia pembeni. Jumatano ule mstari ulikuwa umeingia kwenye vidole, na jani moja limejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Paskazia alichuchumaa mbele ya kopo. Maji ni ya mvua, aliyachota mwenyewe. Jua halikufika. Kuku amefungiwa. Akatazama udongo kwa muda mrefu, akaona juu yake utando mweupe mwembamba, kama sabuni iliyokauka. Akachovya kidole, akaonja.

Chumvi.

Akaonja udongo wa mkwaju. Chumvi. Wa mgunga. Chumvi. Hakuhitaji kuambiwa imetoka kwenye mkoba gani.

Alivua kanga ya jikoni, akavaa ya kutokea, akaenda Mkonze. Angelina alikuwa kibarazani anapepeta mtama.

"Wifi, umetia nini kwenye makopo yangu?"

Angelina hakuona haya hata kidogo. "Chumvi ya baraka. Kwenye makopo, na kwenye ile miti ya kaka."

"Kiasi gani?"

"Kiganja, kiganja. Kwa ajili yako sibani mkono, wifi."

"Kiganja!" Paskazia alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Angelina, wewe ni mkulima. Umelima mtama tangu hujaota meno. Uliwahi kutia chumvi shambani?"

"Shambani hakuna mapepo."

"Na kwangu yapo?"

Ungo ukasimama. "Wifi, usinikasirikie. Watu wanasema. Vitu vya ng'ambo vimeviringishwa sanda, vimefichwa kwenye friji la watu kama maiti mochwari. Anayevigusa anaota mkia. Nimesikia Majengo kwa masikio yangu!"

"Ule ni utani wa Mwanaidi."

"Sawa, utani. Na hii miti? Kaka aliifunga waya isikue. Aliita watoto. Mwenyewe aliita, watoto wangu wasiokua. Na Emiliana wetu..." Sauti yake ilishuka. "Mwaka wa ngapi huu ndani ya ndoa, wifi? Nami nafunga kila Ijumaa kwa ajili yake. Nikasema, labda kinachotuzuia kiko uani pale."

Paskazia alikuja na maneno mengi, tena makali. Yote yalimjaa mdomoni kama uji wa moto, asiweze kutema wala kumeza. Angekuwa ni adui aliyetia chumvi, angejua la kufanya. Angekuwa mlevi, mtoto, kuku. Lakini atamfokea nani? Shangazi anayemfungia Emiliana Ijumaa kwa Ijumaa? Au chumvi iliyowekewa mikono na padre?

"Waya haumzuii mtu kuzaa," alisema hatimaye. "Ule mti mmoja kaka yako aliuomba mpaka anakufa. Ndio huo unaoungua."

Akasimama, akaondoka.

Dawa aliijua, naye aliichukia: kuuosha udongo. Chumvi iliyoingia na maji hutolewa na maji, tena mengi, kopo kwa kopo, mpaka yanayotoka chini yasiwe na ladha. Mkwaju na mgunga, iliyokomaa, ingevumilia kuoshwa kwa maji ya kisima; mepo usingevumilia, nao maji yake ni yale ya pipa. Kuosha udongo wa mche mmoja ni kunywa akiba ya miezi. Asipoosha, akiba atamwekea nani?

Aliweka kopo juu ya mawe mawili, beseni chini yake, akaanza kumimina kwa kikombe, polepole, udongo usichimbike. Yaliyotoka aliyaonja. Chumvi. Akamimina tena. Beseni likajaa, na hapo akasimama nalo mikononi, hajui pa kwenda. Mwanamke aliyefua vitambaa vya altare nusu ya maisha yake anajua kwamba kilichobarikiwa hakimwagwi njiani pakakanyagwa. Hasira zilimwambia mwaga hapo hapo mlangoni. Miguu ikakataa. Akalipeleka beseni mpaka kwenye kona ya ua wa minyaa, mahali pasipopita mtu wala mbuzi, akamimina taratibu, akafanya ishara ya msalaba, halafu akasonya. Akatubu kwa kusonya. Akarudi kujaza kikombe.

"Mama, leo unabatiza?" Mwanaidi aliuliza kutoka upande wake wa ukuta.

"Niache, Mwanaidi."

"Nisikusaidie kubeba?"

"Wewe na utani wako mmenisaidia vya kutosha."

Baadaye kidogo Mwanaidi alizunguka, akashika upande wa pili wa beseni. Wakaenda kwenye minyaa na kurudi mpaka jua likawa utosini, na pipa likaanza kutoa sauti ya utupu.

Majani yote manne yalianguka. Ikabaki njiti ya rangi ya kutu, nene kama uzi wa kushonea viatu. Mwanaidi aliitazama akasema innalilahi. Paskazia hakuing'oa. Kila asubuhi baada ya rozari alichuchumaa, akaikwaruza kidogo kwa ukucha chini karibu na udongo, akaona ukijani mwembamba, akaondoka bila kumwambia mtu. Wiki zikapita hivyo. Alichoka kutumaini, akaendelea kukwaruza kwa ubishi tu.

Kisha kwenye kifundo cha chini kikatokea kitu kama kichwa cha kiberiti, chekundu. Kikavimba. Kikapasuka, na ndani mlikuwa na jani moja, bado limekunja vidole.

Jumuiya ilipozunguka ikarudi kwake, Angelina hakwenda kutandika mikeka. Alipitiliza uani, Paskazia nyuma yake. Wifi aliinama, mkoba ukaning'inia, akaona lile jani. Akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Si nilikwambia! Umeona chumvi ilivyofanya kazi? Ulikuwa unaungua ule ubaya, wifi! Umetoka, na mti umefufuka!"

Paskazia alimtazama. Alifikiria pipa. Alifikiria beseni, minyaa, Mwanaidi anavyohema.

"Lazima utoe ushuhuda Jumapili," Angelina aliendelea, mkono umeshaingia mkobani. "Na sasa tuweke nyingine kidogo, ya shukrani."

"Rudisha mkobani, wifi."

"Unakataa baraka?"

"Uombee kwa mdomo. Mungu anasikia bila kiungo."

Waliofika walikuwa wanaanza kuimba sebuleni. Angelina alifunga zipu ya mkoba, si yote. Paskazia aliiona. Basi akaliinua kopo la mepo, akaingia nalo ndani, akakaa mkekani, akalipakata mapajani, kiganja kimoja kimeufunika udongo.

"Mama, na mti tena?" aliuliza mmoja.

"Nao una nia zake," alisema Paskazia.

Rozari ikaanza. Vichwa viliinama, macho yakafumbwa, chumba kizima kikawa sauti moja. Paskazia alisali kwa moyo wake wote, macho wazi, yameganda kwenye ile zipu. Na ng'ambo ya mkeka Angelina naye alisali kwa moyo wake wote, macho wazi, yameganda kwenye kopo. Wakatazamana. Hakuna aliyepepesa. Wakaendelea hivyo, salamu kwa salamu, sauti zikipanda, kila mmoja akimngoja mwenziwe afumbe kwanza.