Povu la Rubisi ya Rwegasira

Mwaka ule wa vita sabuni iliadimika hata madukani Bukoba mjini, na wanawake wa Muleba wakarudia muhoko, mmea wa porini ambao matunda yake ukiyatwanga hutoa povu. Kokuberwa alitwanga ya kutosha kufulia kanzu za harusi, akayafunga kwenye jani la mgomba, akayaficha ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, mbuzi wasiyafikie.

Mumewe, Rwegasira, hakuangalia ndani. Mtu huyu alikuwa akitazama mbele tu, ndiyo maana alijikwaa sana maishani. Alimwaga ndizi mbivu, akatandaza nyasi, akakanyaga huku akiimba, akachanganya mtama, akafunika. Kulipokucha, rubisi, pombe hiyo ya ndizi, ilikuwa imeumuka povu hadi inafurika. Ilikuwa ya kupelekwa Izigo siku hiyo hiyo, kwa mzee Rugaibula, ambaye binti yake aliposwa na Datius, mwana wao.

"Njoo uone, mama Datius! Povu kama hili nani amewahi kuliona?"

"Nimeliona. Na muhoko wangu uliokuwa humo?"

Rwegasira akaingiza mkono katika povu, akatoa jani la mgomba lililopasuka.

Alibeba chupa moja ya rubisi mpaka kwa Yoeli, dresa wa zahanati, kuuliza kama inanyweka. Yoeli alimchoma kidole, akatia matone ya damu katika maji ya chumvi, kwenye vichupa viwili. Vyote vikawa vyekundu na vyenye ukungu kama maji ya mafuriko. Kimoja akakidondoshea rubisi safi iliyotoka kwa jirani, kingine ya Rwegasira, akaweka kalenda nyuma ya vichupa. Wakasubiri. Cha jirani kilibaki na ukungu wake. Cha Rwegasira kikang'aa kama kioo chekundu, na tarehe zote zikasomeka.

"Damu yangu imekwenda wapi?"

"Ipo, lakini imepasuka. Damu ni chembe ndogondogo, mzee, kila moja na ngozi yake. Povu la muhoko linaitoboa ngozi hiyo, kilichomo kinamwagika."

"Kwa hiyo mkwe akinywa, tutamwona hadi mgongoni?"

Yoeli alicheka, kisha akaacha. "Tumboni si sawa na kwenye kichupa. Huenda watatapika na kuharisha tu. Lakini wazee watakunywa kibuyu kizima. Sisemi mtu atakufa. Ila kuapa kwamba hatakufa, siwezi."

Rwegasira alirudi, akachimba shimo mbali na kijito, akaimwaga yote. Kisha akaenda Izigo na mwanawe, mikono mitupu, akijua Rugaibula amewahi kumfukuza mchumba kwa kuchelewa tu.

Alisimulia yote bila kuficha, hata alivyokuwa akiimba.

"Nani mwingine alijua?" Rugaibula aliuliza.

"Mke wangu na dresa, waitu, mzee wangu."

"Kwa hiyo ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza. Kisha ningewatazama mkinywa."

Rugaibula alimtazama Datius, aliyekuwa ameinama kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Kisha akamgeukia baba yake Datius.

"Ndizi zangu zimeiva shimoni nilikozivundika," alisema. "Kesho utazikamua hapa hapa, mkwe, mbele ya macho yetu. Wageni wa harusi watangoja."

Asubuhi Celina, mke wa Rugaibula, aliupindua mtumbwi wao wa kukamulia chini juu, akaupiga kofi la tako mara tatu. Hakikudondoka kitu.

"Haya," akasema, "ingia. Na leo imba polepole, tusikie unachokanyaga."