Kioo cha Boti ya Barnaba

Barnaba aliambiwa atafute kioo cha boti, naye akabandua kile cha mlango wa kabati la harusi yake. Nafula, mkewe, alikuwa sokoni. Kesi hiyo ingesomwa jioni.

"Hiki ni cha kujipodoa," akasema Gentrix, fundi wa vioo kutoka Mumias, akikigonga kwa ukucha. "Boti ikigonga gogo, kinakuwa visu arobaini. Unataka kuvusha watu ama kuchinja?" Akamwonyesha kovu mkononi, refu kama kiwavi. "Shule niliyosomea ndiyo hii. Karo nililipa kwa damu."

Akatoa chake: cha plastiki ngumu, kimebinuka kama mgongo wa sufuria, pembe zimesuguliwa zikawa duara. Akakifunga juu ya usukani kwa bolti, si misumari, na nyuma yake kipande cha mpira wa tairi kimeze mtetemo wa injini. Akakiinamisha kidogo, jua lisimpige nahodha machoni.

"Unaona benchi zote?"

"Naona hadi ndoo ya kutolea maji."

Boti yenyewe ilikuwa ikingoja hukumu. Mwezi uliopita abiria mmoja alisimama katikati ya mto Nzoia achungulie kiboko, boti ikalala ubavu, na Barnaba, macho mbele, akapata habari alipolowa. Mkaguzi, Bwana Kiptoo, alikuwa amesema: nahodha amwone kila abiria bila kugeuka, la sivyo chombo kibaki nchi kavu. Leo ndiyo siku ya kujaribiwa. Kiptoo akapanda na daftari lake, Gentrix akapanda ajionee kazi yake.

Na abiria wa kwanza akawa Mama Jael, amekumbatia jogoo. Mama mkwe wa Barnaba.

Kwa miaka kumi na mmoja, wawili hao hawakuwahi kutazamana usoni, jinsi heshima inavyotaka. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye miwa. Boti ndiyo iliyokuwa raha yao: mkwe mbele, mama nyuma, mgongo ukifanya adabu yote.

Walipofika kati ya mto Barnaba akainua macho, na uso wa mama mkwe ukamjaa kiooni. Akayatupa macho majini.

"Nahodha," Kiptoo akakohoa, "kioo."

Akatazama tena. Mama alikuwa amejifunika leso kichwa kizima. Jogoo alichungulia kwa chini.

"Gentrix," leso ikasema, "mwambie huyo wa usukani aniangalie kidogo kidogo."

"Barnaba, umesikia?"

"Mwambie mama si mimi ninayemwangalia. Ni sheria."

"Vioo nimefungia vinyozi, nimefungia hata kanisa," Gentrix akanung'unika. "Hakuna aliyeniambia nipime na wakwe."

Mama Jael akaona dawa ni kuhamia mbele kabisa, kioo kisikofika, ampe mkwe mgongo. Akasimama, leso usoni. Boti ikainama, maji yakalamba ukingo. Barnaba akamwona kiooni anayumba.

"Mama, KETI!"

Hata jogoo alishtuka. Lilikuwa neno la kwanza la Barnaba kwa mama mkwe tangu aoe, na alikuwa amelifoka. Mama akaketi puu. Boti ikatulia. Kiptoo akaandika: imepita.

Barnaba hakuhisi kufaulu. Ng'ambo alisimama akiwa amewapa watu mgongo, akingoja hukumu ya mama mkwe.

"Gentrix, mwambie mkwe wangu amenifokea mbele ya watu. Ataleta kuku wa faini. Tetea, maana jogoo wangu ni mpweke. Mwambie pia, asingefoka, saa hii mngekuwa mnanitafuta kwa nyavu."

"Ananiona vibaya?" Barnaba akauliza kwa hofu.

"Amecheka ndani ya leso. Nimeona mabega."

Siku ya soko iliyofuata Mama Jael akapanda na miwani myeusi, mipana kama visahani, akaketi benchi ya katikati kama mheshimiwa. Barnaba akatazama kiooni kwa adabu. Uso wa mama mkwe haukuonekana. Alichoona ni nahodha wawili wadogo, mmoja katika kila jicho la miwani, wote wakitokwa jasho.