Mgeni Aliyenivisha Taji

Mtu akikwambia baa ya hoteli ya Ruwi, kule Muscat, ni mahali pa starehe, muulize ni starehe ya nani. Mimi nilikuwa nakaa jukwaani kila siku baada ya magharibi, gauni refu, viatu vinabana, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Tuliitwa wasichana, ingawa mimi usichana niliuacha Tarime siku nyingi, pamoja na mwanangu Elikana. Kazi yetu ilikuwa kuimba kidogo na kutazamwa sana. Mteja akikupenda, ananunua taji la maua ya plastiki pale kaunta, mhudumu analileta na kukuvisha, nawe unamwimbia mteja yule wimbo mmoja ukimwangalia yeye tu. Wimbo ukiisha, taji linarudi kaunta likauzwe kwa mwingine.

Mteja hakanyagi jukwaa. Akikugusa wanaitwa polisi. Na ikijulikana ni mtu wako, umemwita mwenyewe, unarudishwa kwenu. Nilivumilia yote hayo. Elikana alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na kila alichokula na kuvaa kilitoka kwenye yale mashavu yangu. Baba yake ni habari nyingine, na si habari nzuri.

Siku hiyo Khalid, dereva Mtanzania asiyekosa pale, aliingia na mgeni. Ugeni wake ulianzia mlangoni. Alimpa mkono Bakhit, baunsa, akamuuliza habari za nyumbani. Akasalimia meza za mbele zote, kisha akaagiza soda. Wanaume wakija mara ya kwanza hutazama miguu yetu. Huyu alitazama nyuso, moja moja, kama mtu aliyekuja kupokea ndugu stendi. Nikajisemea, huyu ni mwanakwaya.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimechoka na nyimbo zao, nikachomekea maneno mawili matatu ya Kikurya. Mgeni akasimama, uso wote meno. Khalid akamnong'oneza anunue taji, na kwa kuwa Khalid ni mtu wa kuanzisha mambo na si kuyamaliza, mengine hakumweleza.

Nadhani mnajua alichofanya. Kwetu mwimbaji akikukuna moyo unamfuata ukamtunze. Iwe harusini, iwe kwenye kipaimara, unatoka kitini, unacheza polepole mpaka mbele, unamvisha, unambandika noti kwenye paji la uso, unarudi kwako watu wakipiga vigelegele. Marwa, maana hilo ndilo jina lake, alilichukua taji mwenyewe kaunta, akaja akicheza, akapanda jukwaani, akanivisha kwa mikono miwili. Kisha akanibandika noti ya riali kwenye jasho la uso wangu. Tangu nifike Muscat hakuna aliyeniheshimu namna ile. Nilitaka kulia, na nilitaka kumzaba kibao.

Muziki ukakatwa. Bakhit akamshika ukosi. Khalid alikuwa ameshayeyuka.

Tulipelekwa ofisini kwa Awadh, mudiri wetu, yaani meneja, ambaye wazee wake walitoka Unguja na hasira zake huzisema kwa sauti ya chini.

"Huyu kakushika mbele za watu," aliniambia. "Sasa nambie kweli, Violeth. Wamjua? Kama humjui, nnawapigia polisi."

Marwa akanigeukia. "Dada, mimi nilikuwa nakutunza tu. Nimefika juzi. Wakinirudisha, nitamwambia nini mke wangu?"

Neno moja, simjui, na mimi ningerudi kwenye kiti changu. Lilikuwa neno la kweli pia, wala sikuhitaji kudanganya. Yeye angelala kituoni, kisha ndege. Nilimfikiria Elikana na daftari zake. Nilimchukia Khalid, nikamchukia na huyu Marwa kwa uungwana wake usiojua mahali. Lakini nilikuwa bado nahisi pale kwenye paji la uso alipobandika noti.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Nilimwita mimi. Hajui sheria za hapa."

Sidhani kama Awadh aliamini. "Mimi nakustahi," alisema, "lakini mwenye hoteli hatosikia haya. Kesho adhuhuri tiketi yako itakatwa. Ukipata mtu wa kukuchukua kazini kabla ya hapo, mlete, karatasi za kukuachia ntatia sahihi mie."

Nilikuta Marwa ananisubiri nje. Alininyang'anya begi, akasema atanisindikiza mpaka nyumba ya wafanyakazi. Njia nzima alinishukuru. Machozi yalimtoka kweli, simsingizii.

"Kuanzia leo wewe ni damu yangu," alisema. "Hata bosi wangu nitamsimulia kwamba Watanzania tunapendana. Bi Mahfoudha, kule Azaiba. Mama mzuri sana, ila kwa sasa anateseka, dada wa kazi ameondoka, anapika mwenyewe."

Nilisimama pale pale, mbele ya duka moja la simu.

"Niombee hiyo kazi," nikamwambia. "Kupika najua. Kufua najua. Nipeleke kesho asubuhi, kabla tiketi haijakatwa."

Akaliweka begi chini.

"Yule mama ni mtu wa dini sana. Ataniuliza nimekutoa wapi."

"Mwambie ni dada yako. Mimi sikuona shida kusema."

"Lakini dada, wewe umetoka baa."

"Na wewe tumekutana wapi, msikitini?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Mimi niliingia mara moja tu," alisema kwa upole. "Wewe ulikuwa unakaa mle. Mama akija kujua, na mimi nitaharibikiwa. Unielewe."

Nilimwelewa. Nikainama kuchukua begi langu, naye akawahi kunisaidia, akalipima uzito kwa mkono. Akauliza, bila aibu yoyote, kama ndani kuna nafasi ya kumbebea mkewe abaya mbili, maana nyumbani kwao si mbali na kwetu na yeye bado hajapata mtu anayekwenda. Hapo ndipo nilipojuta kumwita kaka.