Usilale Njiani

Mdoli nilimtengeneza kwa gunzi, nikamvika kipande cha kitenge nilichokikuta katika sanduku la nguo za marehemu binti yangu, Kristiana. Nywele nikambandika ndevu za mahindi, ingawa zilikuwa zimekauka na kupukutika kila zilipoguswa. Kikapuni nikatia bisi, viazi vitamu vya kuchemsha, chupa ya uji wa ulezi, na uzi mrefu wa kuchezea vidoleni. Mtu aliyeniona asubuhi ile nikitoka nyumbani, pale Malangali, angedhani nakwenda kupanga genge. Kumbe vyote vile vilikuwa vya kumshinda mtoto mmoja wa miaka mitano.

Maarifa hayo nilipewa na jirani yangu, Rozina.

"Mchezeshe njia nzima mpaka achoke," aliniambia. "Afike kwa baba yake amelala. Unamlaza kitandani, unageuka, unaondoka. Akiamka atalia, lakini wewe hutamsikia."

Hilo la kutosikia ndilo lililonivuta. Ukoo ulikuwa umeshakaa na kukubaliana mtoto akaishi kwa baba yake. Mkwe wangu Evans amepata kazi katika gereji kule Mbalizi, ameoa mke mwingine ambaye sijasikia ubaya wake, na shule iko karibu na nyumba. Mimi kifua changu hakiivumilii tena baridi ya Ufipa. Zipo asubuhi ambazo mtoto huyo ndiye huniletea maji kitandani, badala ya mimi kumpelekea. Sikuwa na la kupinga. Mjukuu wangu Silvana nilimwambia tunakwenda kumsalimu baba. Sikumwambia kwamba nitarudi peke yangu.

Kasmir, mtoto wa kaka yangu, alitupakia kwenye fuso lake lililosheheni magunia ya mahindi. Ilikuwa Julai, na upepo uliokuwa ukishuka kutoka milima ya Mbizi ulikata masikio. Nilimkalisha Silvana katikati, mbali na dirisha, nikamzungushia blanketi.

"Mjomba, gari lako linakohoa kama bibi," akasema mtoto.

"Ndiyo maana nimewaweka pamoja," Kasmir akamjibu. "Wauguzane."

Tukacheka wote. Nikaanza kazi yangu. Tulimwoza mdoli kwa ndizi iliyokuwa karibu na usukani, na Kasmir akadai mahari kwa kuwa ndizi ilikuwa yake. Kisha ndizi ikaliwa, mdoli akabaki mjane, nasi tukamfariji kwa bisi. Nikamfundisha kuvuta uzi vidoleni mpaka utokee wavu, kisha kitanda, kisha mlango. Nilimsimulia habari za sungura, na nilipoona macho yake yanalegea nikaishusha sauti, nikaanza kumpapasa mgongo polepole, kama nilivyompapasa mama yake zamani. Nilijiambia, naam, huyu amekwisha.

Hatujafika Laela, akajikurupua.

"Bibi, nataka dirishani."

"Kuna baridi. Lala kidogo."

"Nataka kuona njia."

"Njia anaiona mjomba. Wewe funga macho."

"Sitaki. Mama alifunga macho."

Kasmir akanyoosha mkono, akazima redio.

"Nilimwona," Silvana akaendelea, bila kulia, kama mtu anayeeleza hesabu aliyoirudia mara nyingi. "Walimpakia kwenye gari amelala. Hakuiona njia. Sasa atarudije?"

Mama yake alipelekwa hospitali Mbeya kwa barabara hii hii, na kwa barabara hii tukamrudisha, amefunikwa. Siku ya mazishi Silvana tulimficha kwa Rozina, tukamwambia mama amesafiri. Tulidhani neno kama hilo mtoto hulimeza kama uji, likapita. Kumbe alilihifadhi, akalitafuna peke yake miezi yote ile, mpaka akaipata sababu: mama amepotea, kwa kuwa alilala njiani. Na mimi hapa nilikuwa nampapasa mgongo ili naye alale.

"Kasmir, simama," nikasema.

Akasimama kando ya barabara. Nikabadilishana nafasi na mtoto, nikafungua kioo. Vumbi na baridi vikaingia.

"Silvana, nisikilize. Mimi nitarudi Malangali. Wewe utabaki kwa baba."

Akawa anang'oa nywele za mdoli, unywele mmoja mmoja, akiziachia upepo.

"Nitakaa sana?"

"Utakaa. Lakini shule ikifungwa utakuja."

"Basi nionyeshe vizuri."

Nikamwonyesha. Nilianza na mashamba yetu, yale matuta ya mviringo ambamo Wafipa tunafukia majani yaoze, yametapakaa hadi macho yanapochoka, kama mikate iliyoumuka.

"Matuta yakiisha, na kwetu kumeisha?" akauliza.

"Ndiyo. Na yakianza, umefika."

Baada ya hapo tulipita jiwe kubwa lililokaa kama kuku aliyeatamia, mti uliopigwa radi ukabaki na mkono mmoja, na daraja lililong'oka ukingo wa upande wa kushoto.

"Na hapo tairi langu lilipasuka," Kasmir akasema. "Tia na hilo."

"Hilo halionekani, mjomba," Silvana akamkatalia.

Tunduma tuliyakuta malori yamejipanga kama siafu. Kila tulipopata alama mpya aliirudia safari yote tangu matutani, na aliposahau alikasirika, akaanza upya. Uji ulipoa kwenye chupa bila kuguswa.

La mama yake sikulijibu. Mara kadhaa nilifungua mdomo, nikaishia kukohoa.

Alifika Mbalizi macho makavu, akateremka kwa miguu yake na kumwamkia baba yake na mke wa baba, Agnesi. Agnesi akampokea mdoli kwa mikono miwili, kama mgeni mwingine. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni.

Asubuhi Silvana alinisindikiza kituoni na baba yake. Nilikuwa tayari kwa kilio. Yeye akanishika kidole.

"Bibi, tuseme. Ukitoka hapa?"

"Malori."

"Halafu?"

"Daraja. Mti wa radi. Kuku."

"Halafu matuta. Usilale njiani." Akanivuta nikainama. "Na ukimkuta mama, mwonyeshe njia."

Ndani ya basi nilikaa dirishani. Tulipoiacha Tunduma abiria wengi walikuwa wamelala, na kijana aliyekaa kando yangu akanionea huruma.

"Bibi, egemea hapa upumzike. Sumbawanga bado mbali."

"Nimeagizwa nisilale, mwanangu."

Lilipofika daraja nikalitaja. Ukaja mti wa radi, nikautaja. Likaja jiwe la kuku, nikalitaja pia. Kijana alinitazama, kisha akageuka kuangalia viti vya nyuma, aone nasema na nani. Yalipoanza matuta nilifungua kioo, nikapaza sauti kidogo, Kristiana, kama yuko mbali nyuma yetu, naye asikie.